Mwiko Niliompelekea Mfalme wa Sisilia

Tangu nirudi, kila anayekanyaga mgahawani kwangu ananiuliza mambo mawili. La kwanza, nimemletea nini. Sikuleta kitu, agizeni chai. La pili, kama ni kweli Maganga amekuwa mfalme huko Dubai na ametusahau. Hilo la pili nimelijibu mpaka chapati zinaniungulia, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika. Atakayeuliza tena nampa karatasi hizi, asome akisubiri maharage yake.

Mambo ya pasipoti na tiketi sitayasimulia. Yalinichosha yalipotokea, sioni sababu ya kuchoka mara mbili.

Tabora, kabla ya treni

Kwa wageni wa mtaa: mimi ni Ponsiana, Mngoni wa Songea, niliolewa huku Tabora, mume akatangulia mbele za haki, nikabaki na mgahawa. Maganga ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wawe wanatukanana tu.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Wenzako wakilia, wewe unachekesha. Unamwigiza marehemu anavyotembea na anavyofoka. Unalala njiani jeneza lisipite mpaka wakubembeleze. Na unapora chombo ndani ya nyumba, ambacho mfiwa mwenyewe lazima aje akikomboe. Asipokikomboa, msiba unabaki umekaa kwenye mkeka, hauondoki.

Zuhura, mke wa Maganga, alipofariki mwaka jana, nilifanya kazi yangu yote, ingawa alikuwa rafiki yangu. Nikapora mwiko wake wa ugali, ule mkubwa wa mninga, uliolika upande mmoja kwa kusonga. Lakini wa kuukomboa hakuwepo. Maganga alikuwa Dubai, hakuwahi maziko, na tangu siku ile hakupokea simu ya mtu yeyote. Matumizi ya mtoto yalikuja kila mwezi. Sauti haikuja. Miezi minane!

Watu hawakawii. Wengine wakasema kaoa Mfilipino. Wengine wakasema kafa, na anayetuma ni rafiki yake mwenye huruma. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakaamua kwamba shule ikifungwa, Kabula, binti yake wa miaka tisa, apelekwe kwa shangazi yake Mpanda, maana bibi anayekaa naye hana nguvu tena. Kabula akagoma.

"Baba hajafa," alisema. "Simu yake inaita. Ya mtu aliyekufa ingezimika."

Ndipo ikatua kwenye simu za mtaa ile video. Mliiona. Maganga kakaa kwenye kiti cha dhahabu, kichwani taji, mwilini joho jekundu, watu wanakula kamba wakubwa mbele yake. Mnyamwezi na taji! Kichwa kile kimezaliwa kwa ajili ya mizigo. Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikamtafuta aliyeirekodi, dada mmoja wa Uganda anayeitwa Nakato. Akanijibu kwamba mtu wangu yupo, na kwamba nikifika nitalala kwake.

Jioni moja kabla sijaondoka Kabula alikuja jikoni kwangu, akasimama karibu na mafiga.

"Mama Ponsi, ukimwona baba, muulize kama amenikasirikia."

"Akukasirikie kwa lipi?"

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Akanieleza. Siku ya msiba yeye ndiye aliyekuwa na simu ya mama yake. Ikaita, akapokea. Baba akauliza, "Mama yuko wapi?" Naye akajibu, "Mama amekufa." Simu ikakatika, na haijawahi kupigwa tena. Mtoto alikuwa amelibeba jambo hilo miezi minane, akidhani baba kanyamaza kwa sababu yake.

Mimi nami nina langu siku ile. Nitalisema likifika, msiniharakishe.

Treni mpaka Itigi, na Itigi kwa muda mrefu

Nilipanda treni ya zamani nikiwa na begi la nguo, dumu dogo la asali, na mwiko nimeufunga kwenye kanga ya Zuhura. Tulipofika Itigi treni ikasimama. Mvua ilikuwa imekula tuta mbele yetu. Tukaambiwa saa moja. Mswahili akikwambia saa moja, tandika kanga ulale.

Tulikaa tangu alfajiri mpaka jua likageuka. Mama mmoja wa Kigoma, mnene, mcheshi, alikuwa na dagaa, unga na jiko la mkaa, akashuka akaanza kupika kando ya reli. Akaniona na mwiko.

"Dada, tuazime huo mwiko."

"Hausongi."

"Mwiko usiosonga ni wa nini? Wa harusi?"

"Wa msiba. Haujakombolewa."

Akanitazama, akatazama mwiko, akajisogeza kidogo kama vile Zuhura mwenyewe amekaa kati yetu. Akasonga kwa kijiti cha mpera. Ulitoka ugali wa madonge matupu, kila tonge unatafuna unga mbichi. Nilikula sahani mbili na kumwambia mtamu. Mtu anayekulisha njiani humkosoi, unamshukuru na kuomba maji.

Aliponiuliza nakwenda wapi, nikasema Dubai, kumkomboza mwiko mfalme. Akaniombea dua ndefu sana. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili.

Uwanja wa ndege, Dar es Salaam

Pale kwenye mashine ya ukaguzi msichana wa ulinzi akautoa mwiko, akaupima mkononi.

"Mama, hiki hakiingii ndani ya ndege. Ni kama rungu."

"Mwanangu, nikitaka kumpiga rubani nitabeba mwiko?"

"Sheria, mama."

"Wewe kabila gani?"

"Msukuma."

"Basi kaa chini tuongee, maana wewe ni mtani wangu na hapa ofisini umejificha tu."

Nikamweleza habari ya mwiko, na ya mtoto. Watu nyuma yangu walikuwa wanaguna, mzungu mmoja akawa anatazama saa kila nikimeza mate. Yule binti akasikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho kwa mkono wa sare, na akakataa vilevile. Nilimpenda hapohapo. Lakini alinirudisha mwenyewe mpaka kwenye kaunta ya mizigo, wakaufunga karatasi ya namba, ukaondoka peke yake kwenye mkanda kama abiria anayejitegemea.

Ndege ilichelewa saa tatu. Angani wakanipa kuku mdogo sana, sijui aliuawa akiwa na siku ngapi. Nikala, nikala na wa jirani yangu aliyelala.

Dubai begi langu lilitoka, asali ikatoka, mwiko haukutoka. Nikamfuata kijana wa mizigo, Mhindi au Mbangladeshi, mpole. Kiingereza changu ni cha kuuzia chapati tu, nikaona nimwonyeshe. Nikainama, nikashika sufuria ya hewa, nikasonga. Akatabasamu, akanishika mkono kwa heshima, akanipeleka mpaka kwenye mgahawa wa uwanjani. Nikasema hapana, nikasonga tena kwa nguvu zaidi. Akaniletea kijiko cha plastiki.

Saa mbili baadaye tuliupata upande wa mizigo yenye maumbo ya ajabu, umelala kati ya mikoba ya gofu na kigari cha mtoto. Nikaubusu mbele za watu. Khalas, ndilo neno la kwanza nililojifunza, yule kijana ndiye aliyenifundisha. Maana yake basi, imekwisha.

Naif

Nakato alinipokea akiwa na sare ya ulinzi. Siku za kazi analinda mlango wa jengo la maduka. Chumba chake kiko Naif, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabegi. Wanalala wanawake sita, vitanda juu kwa juu, kila mmoja na pazia lake. Nilipewa kitanda cha juu. Kukipanda ilikuwa kazi, kushuka ilikuwa kuomba Mungu. Asubuhi nikamsalimu kila niliyekutana naye ngazini, habari za kuamka, umelalaje, watoto hawajambo. Hakuna aliyejibu. Mpaka siku ya tatu mzee mmoja Mpakistani akaanza kuniwahi yeye, "Habari!", nikajua mji umeanza kushika adabu.

Tukaenda kunywa chai nzito ya maziwa na parata pamoja na Otieno, Mkenya mwembamba anayefanya kazi hoteli moja na Maganga, huko Al Rigga.

"Nyabo, mtu wako iko," Nakato alisema, nyabo kwao ndiyo mama. "Anakula, anafanya kazi, anavaa taji. Lakini kuongea, banange, hataki. Nilimwambia unakuja. Akaniangalia hivi, akaenda."

"Hata mimi sijamwelewa," Otieno akasema. "Ni mtu poa, lakini akimaliza show anajifungia. Simu ikiita anaiangalia tu, msee, kama ni nyoka."

Wakanieleza hiyo show. Hoteli ina ukumbi wa chakula, na kila Jumamosi mchana wageni wanakula huku wanaonyeshwa maisha ya mfalme wa Sisilia. Sisilia, kwa msiojua kama nilivyokuwa sijui, ni kisiwa kule Bahari ya Kati, Italia inakipiga teke. Zamani sana kilikuwa na mfalme Mkristo aliyekulia kati ya Waarabu na Wagiriki, akavaa joho lenye maandishi ya Kiarabu. Baba yake alikufa yeye mdogo, mama yake akaushika ufalme mpaka mtoto akakomaa. Alioa mara tatu. Wa kwanza alimpenda kupita kiasi, na alimzalia watoto nyumba ikajaa. Alipofariki, mfalme alijifungia ndani, hataki kuonekana na mtu, mpaka nchi nzima ikasema naye kafa. Shemeji yake akaona ndiyo nafasi, akaanzisha vita. Mfalme akatoka kuwaonyesha kwamba yu hai, na hasira zake zi hai vilevile. Baadaye wanawe wa kiume wakamfia mmoja mmoja, akabaki mmoja tu wa kurithi. Binti yake wa mwisho alizaliwa baba ameshazikwa.

Nikaweka kikombe chini. Ukimvua yule mtu taji, hiyo ni habari ya mtaa wetu. Mjane anayelea ufalme tunaye. Wa kugawana vya mtu kabla hajafa tunao wengi.

"Na nyinyi mnacheza nani?"

"Mimi ni mabibi wote," Nakato akasema. "Jumamosi nakufa mara mbili, na mara ya tatu nabaki na mimba."

Otieno anacheza yule msomi Mwarabu aliyemchorea mfalme ramani ya dunia kwenye sahani kubwa ya fedha. Alikuwa na picha yake kwenye simu, akanionyesha. Kusini imewekwa juu. Afrika imekaa juu, Ulaya iko chini inachungulia.

"Imegeuzwa," nikasema.

"Hapana, mathe. Hivyo ndivyo walikuwa wanachora. Hapo mwanzo tulikuwa juu."

Niliomba niitazame tena. Nikamwambia aniachie picha niibandike mgahawani. Ndiyo ile mnayoiona juu ya friji, acheni kuniambia nimeitundika vibaya.

Gatini, Deira

Kwa siku mbili nilimwinda Maganga kama kuku wa sikukuu. Nakato aliniambia kwamba akiwa hana zamu huenda kukaa Deira, kwenye gati la majahazi. Nikaenda asubuhi. Majahazi yamejipanga ubavu kwa ubavu, yanapakiwa majokofu, matairi, vitambaa na mabunda ya nepi za watoto, mengi ya kwenda kwetu Afrika. Mzee mmoja wa Unguja, baharia, alikuwa amekaa juu ya jokofu anamenya chungwa.

"Samahani mzee, shikamoo. Namtafuta Mnyamwezi mmoja, mrefu, uso wa huzuni."

"Marahaba. Yule mfalme? Kapita hapa sasa hivi, wallahi, hata chungwa sijalimaliza. Kakuona wewe watokea kule, kaondoka mbio."

"Mbio?"

"Mbio, mwanangu! Una nini naye? Wamdai?"

"Namdai msiba."

Akaacha kumenya. Akaniuliza nani kafa, nikamwambia. Akaomba rehema za Mungu kwa Zuhura, akanipa nusu ya chungwa, akaniambia hapo nilipokaa ndipo Maganga anapokaa, kila akija, na hasemi neno. Anatazama tu mizigo inavyopakiwa. Nikakaa nikala chungwa, nikawaza mtu wa ukoo wa wapagazi anatazama mizigo ya watu inakwenda kwao naye haendi, nikaanza kumhurumia. Huruma ilidumu mpaka nilipomaliza chungwa. Nimetoka Tabora, nimekwama Itigi, nimekula kuku wa siku mbili, halafu ananikimbia!

Nikasema, vizuri. Mfalme haonekani barazani, basi tutaonana kwake Jumamosi.

Al Rigga, meza za mfalme

Nakato aliniingiza kwa mlango wa jikoni, akaniweka nyuma ya nguzo karibu na matunda. Bosi wao, ambaye wote wanamwita Sir, mtu mfupi mwenye manukato mengi, aliitazama kanga yangu akadhani nami ni mwigizaji, akanionyesha nisimame vizuri.

Ukumbi ulijaa. Maganga akatoka na joho lake. Lile la asili, Otieno aliniambia, lina simba wawili wanaorarua ngamia. Hapa Sir aliogopa kuwakwaza wageni kwa ajili ya ngamia, akaamuru fundi awashone upya, kwa hiyo simba na ngamia wamekumbatiana na wote wanacheka. Maganga akaoa, akazaa wanasesere watano kwa dakika moja, Nakato akakohoa mara mbili na kufa. Wakamlaza kwenye jeneza la maua, wakamfunika shuka jeupe. Wahudumu wanne wakambeba kupita katikati ya meza. Nyuma yake Maganga, kichwa chini, analia machozi ya kitunguu. Na wageni wanamenya kamba.

Jamani, sikupanga. Naapa kwa marehemu mume wangu. Lakini niliona shuka jeupe, nikaona Mnyamwezi anamfuata maiti wa mke wake, na mtani nimesimama nyuma ya matunda kama mgeni wa harusi. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikaufungua mwiko, nikalala kifudifudi katikati ya zulia.

"Haipiti!" nikapiga kelele. "Maiti haipiti hapa! Mnyamwezi gani huyu anazika mke bila kuwaita Wangoni?"

Wahudumu wakasimama. Sir akawa anapunga mikono, "Khalas! Khalas!" Otieno, Mungu ambariki, akawatangazia wageni kwa Kiingereza sijui nini, nao wakacheka na kutoa simu zao.

Maganga alinitazama, kisha akautazama mwiko. Hakusogea.

Nikainuka, nikafunga kanga kiunoni kama Zuhura alivyokuwa akifunga, pembeni, fundo upande wa kushoto. Nikatembea kama yeye, mguu mmoja unaburuta kidogo. Nikamnyooshea mwiko usoni kwa sauti ile yake ya puani mnayoikumbuka:

"Maganga! Viatu! Mara ngapi nimekwambia viatu vibaki nje? Nyumba hii nafagia mimi au anafagia mama yako?"

Maiti ikaanza kutikisika. Nakato alikuwa anacheka chini ya shuka.

Na Maganga akacheka. Kicheko kikamtoka kama mtu aliyekabwa, akainama, akatazama viatu vyake vya dhahabu, akavivua. Kweli, alivivua, akaviweka pembeni ya zulia. Halafu akakaa chini hapohapo, na kile kicheko kikageuka. Nimeona watu wengi wakilia, sijaona mtu akilia namna ile. Nami nikakaa kando yake, na kwa uzito wangu nikakaa juu ya taji lililomdondoka, likapinda.

Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi.

Stoo ya majoho

Maganga alijifungia stoo. Nikagonga, hodi, hodi, hodi, mpaka akachoka, akafungua.

"Umeona?" aliniambia bila kunitazama. "Hata sasa wamepiga makofi."

"Nimeona, mtani."

"Siku ile pia walipiga. Kabula aliniambia saa nne asubuhi, saa saba nikavaa joho. Ilikuwa zamu yangu, hakuna wa kunishikia. Nakato akalala kwenye jeneza, nikalia kweli, mbele za watu wenye sahani. Wakasimama. Sir akaja kunipongeza, akasema kila Jumamosi iwe hivyohivyo. Tangu siku hiyo nikitaka kumlilia mke wangu naona sahani."

Nikakaa kando yake.

"Simu zetu je? Miezi minane, Maganga!"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Nikipokea utaniambia nini, mtani? Kwamba anakunywa uji?"

Basi, sasa limefika lile langu. Siku ile asubuhi Maganga alinipigia mimi kwanza. Tulikuwa tumeshanunua sanda. Nami nikamwambia mkeo ana nafuu, usiku kalala vizuri, saa hizi anakunywa uji. Huo uji niliuongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma. Ndivyo tunavyofanya, mnajua. Mtu aliye mbali peke yake humtupii kifo usoni. Unasema mgonjwa, baadaye unasema hali si nzuri, baadaye wakubwa wanampigia wanamwambia njoo. Nimewafanyia hivyo watu wengi na hakuna aliyelalamika. Lakini yeye kwa furaha akakata simu yangu, akapiga ya mke wake amtanie juu ya huo uji. Akapokea Kabula.

"Nilikudanganya," nikasema. "Nisamehe. Nilidhani nakustiri, kumbe nilimwachia mtoto mzigo wangu."

Akageukia ukuta.

"Nilimkatia simu," akasema. "Mtoto wa miaka tisa. Nikamkatia. Nikipiga leo nimwambie nini?"

"Yeye kanituma nikuulize kama umemkasirikia. Anadhani umenyamaza kwa sababu ndiye aliyekwambia."

Maganga alishika mdomo. Joho lilimvuka bega moja, simba na ngamia wakaning'inia wanacheka.

"Mimi? Nimkasirikie Kabula?" akasema. "Watu wazima wote mlikuwa mnanizungusha. Ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli siku ile. Mwambie hivyo. Mwambie baba kasema hivyo."

"Utamwambia mwenyewe. Jumapili ijayo baada ya alasiri, nitakuwa nimefika. Na usianze na salamu za kuzungukazunguka. Anza palepale ulipokata."

Akanipa na ujumbe wa wakubwa wa ukoo: Kabula haendi Mpanda, mkataba wa Maganga unaisha baada ya miezi mitatu naye anarudi moja kwa moja, na anayetaka kugawa chochote chake amsubiri mlangoni. Nikasema sasa komboa mwiko, Mnyamwezi, msiba wako umenichosha mikono. Akanipa taji. Sir alipoliona lilivyopinda akasema lichukuliwe, ni bati tu. Maganga akaushika mwiko kwa mikono miwili, akaunusa, akanirudishia.

"Kasonge nao nyumbani kwangu."

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na neno. Mwiko ulipanda mkanda wake, ukashuka, nikausubiri palepale kwenye mikoba ya gofu. Kule Dar nilimtafuta yule binti Msukuma nimwambie umekombolewa, hakuwa zamu. Itigi treni haikusimama hata dakika tano. Nilisikitika kidogo.

Kabula alilivaa taji likamshuka mpaka puani. Bibi yake akalishika, akaligeuzageuza.

"Sasa hii nayo ni nini? Kata ya bati?"

Akalijaribu kichwani na ndoo ya maji, akasema linaumiza, wafalme wana kazi.

Jumapili baada ya alasiri tulikaa watatu sebuleni kwa Zuhura, viatu nje, simu yake mezani. Ikaita. Kabula akaibonyeza itoe sauti kubwa, sote tusikie.

"Kabula."

"Abee, baba."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama yuko wapi?"

Bibi akafungua mdomo. Mazoea ni mabaya; nilijua kabisa alikuwa anataka kusema nini. Nikamshika mkono, nikaufinya. Kabula akanitazama mimi, akaitazama simu.

"Mama amekufa, baba."

Simu haikukatika. Tulimsikia Maganga analia, naye Kabula akalia, wakalia pamoja muda mrefu, kila mmoja anamsikia mwenzake, na hakuna mtu aliyepiga makofi. Mimi nikainuka nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikasonga ugali kwa ule mwiko. Ulitoka wa madonge matupu, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Tukaula wote.